Uzi maalumu: Watu waliowaingiza wenzao kwenye vita vya mezani, tangu Wells mpaka Cavill

Bandiko la 1. Mleta uzi, Tanga

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alinijia na simu mkononi. Ananionyesha kipande cha video: Henry Cavill, yule aliyecheza Superman, amekaa kwenye kipindi cha mahojiano cha Graham Norton cha televisheni ya Uingereza, mwaka 2021, anaeleza bila haya yoyote kwamba akiwa nyumbani anapaka rangi askari wadogo wa Warhammer, mmojawapo wa michezo ya vita vya mezani. Kijana akaniuliza, "Mjomba, si ndiyo yale mambo yako ya chumba cha nyuma?" Nikamwambia ndiyo yenyewe. Miaka minne anaishi kwangu, ananiona nimeinama na brashi kila Jumapili, hajawahi kuomba hata kushika. Siku hiyo aliomba apake mmoja.

Tangu hapo nina swali linanizunguka kichwani, nikaona nilete hapa tulijadili: ni nani hasa humfanya mtu aingie kwenye huu mchezo?

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Mna meza kubwa, futi sita kwa nne hivi. Juu yake mnapanga vilima, vijumba, miti, labda na mto. Kila mmoja ana jeshi la sanamu ndogo, nyingi zina milimita 28 kwa urefu, na kazipaka rangi mwenyewe. Mnasogeza kwa zamu mkipima kwa futikamba, mnarusha dadu kuamua nani kapigwa na nani kakimbia, na kitabu cha kanuni kipo pembeni kwa ajili ya ubishi. Mechi moja inaweza kula mchana mzima. Kuna wanaocheza Waterloo ya Napoleon, kuna wanaocheza Warumi, kuna wanaocheza vita vya sayari ambazo hazipo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili mnipinge vizuri. Naona aliyebuni mchezo na anayewaingiza watu kwenye mchezo mara nyingi ni watu wawili. Anayewaingiza ni yule anayecheza mbele za watu, akifurahi kweli, halafu akasogea kidogo ili na wewe upate pa kusimama mezani.

Tuanze na mfano. Wajerumani wa Prussia walikuwa na mchezo huu mapema sana. Baron von Reisswitz alimpelekea mfalme Friedrich Wilhelm III meza yake ya vita mwaka 1812. Mwanawe, aliyekuwa luteni, akachapisha kanuni zilizokamilika mwaka 1824, na jenerali von Müffling alipouona ukichezwa alisema haya ni mafunzo ya vita kabisa, akaupendekeza kwa jeshi zima. Kazi kubwa ile. Lakini ilibaki kambini kwa maofisa. Fundi cherehani wa Berlin hakuingia humo.

Sasa mtazame H. G. Wells, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za kisayansi. Mwaka 1913 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, na humo anasimulia ilivyoanza. Alikuwa anakula mchana na rafiki yake aliyemtaja kwa herufi tu, J. K. J., ambaye inaaminika ni mwandishi Jerome K. Jerome. Chumba kimejaa vitu vya kuchezea vya mtoto. Kwenye meza ya pembeni kuna askari wanne watano na kamzinga ka springi, kale kanakorusha kipande kidogo cha mti. Rafiki amemaliza kula, kahawa haijaja. Akavuta kiti, akakachunguza kale kamzinga, akakashindilia kwa uangalifu, akalenga, akamwangusha askari mmoja. Kisha akajisifu na kuwaita wenzake waje washindane naye.

Yaani mchezo mzima ulianzia hapo, kwa mtu mzima kuvuta kiti. Baada ya hapo wakaanza kupanga vitabu vya ensaiklopidia sakafuni viwe vilima na maboma, wakatunga kanuni: mwenda kwa miguu anasogea futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili. Wells aliandika yote hayo kwa furaha ya wazi, akaweka na picha za mchezo wenyewe. Huyu alikuwa mwandishi anayejulikana dunia nzima. Msomaji wa 1913 aliyekuwa anawaficha askari wake kabatini kwa kuogopa kuitwa mtoto, alipoona Wells anacheza sakafuni bila kujificha, alipata ruhusa.

Naendelea baadaye kidogo, karibuni mchangie.

Bandiko la 2. Mdau, Dodoma

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Ila naomba ufafanuzi kabla hujaenda mbali. Sisi tuna bao, tuna drafti, wengine wanacheza chesi. Hii inatofautianaje? Maana mimi nikisikia "mchezo wa vita mezani" naona chesi tu yenye vilima.

Bandiko la 3. Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Kwenye bao wote mnaanza na kete sawa na mashimo sawa, na hakuna bahati, ni hesabu yako na ya mwenzako. Kwenye vita vya mezani hakuna kilicho sawa. Mwenzako ana kilima, wewe una bonde. Yeye ana watu mia, wewe una sitini lakini wamejificha nyuma ya ukuta. Kisha kuna dadu, ambayo inaweza kukunyima shabaha pale ulipoitegemea kuliko pote. Ndiyo maana wale wa Prussia waliupenda: ofisa alijifunza kuamua huku mambo yakiharibika. Na kingine, kete ya bao unaikuta imeshakuwa kete. Askari wa mezani unamtengeneza wewe, unajua koti lake ulilirudia mara mbili kwa sababu rangi ya kwanza ilikuwa nzito mno.

Twende kwa mtu ambaye kwangu mimi ndiye mkubwa kuliko wote kwenye uzi huu: Donald Featherstone.

Alizaliwa London mwaka 1918. Vita Kuu ya Pili alipigana kwenye kikosi cha vifaru, akafika hadi Italia. Vita vilipoisha akawa mtaalamu wa kunyoosha viungo, Southampton, na klabu ya mpira ya mji ule ilikuwa miongoni mwa aliowahudumia. Mchana anakanda magoti ya wachezaji, usiku anapanga askari. Mwaka 1961 aliitisha mkutano wa wachezaji pale pale Southampton, na mwaka 1962 akatoa kitabu War Games. Mwaka huohuo akaanza jarida la kila mwezi, Wargamer's Newsletter, akalisukuma mpaka 1980.

Kwa nini namweka juu? Kwa sababu ya namna alivyoandika. Hakuandika kama jenerali. Aliandika kama jirani anayekueleza ukutani: tafuta meza, tafuta askari wa plastiki wa bei ndogo, kilima ni kipande cha ubao, anza na kanuni hizi rahisi, ukizizoea zibadilishe utakavyo. Ndani ya kitabu chake aliweka pia kanuni za wenzake, Tony Bath kwa vita vya kale na Lionel Tarr kwa Vita Kuu ya Pili. Hakujifanya mwenye mchezo. Vitabu vyake, na viko zaidi ya 40, vilikaa kwenye maktaba za umma Uingereza, mahali ambapo mtoto wa mfanyakazi anaingia bure. Na bahati ikamkuta njiani: kampuni ya Airfix ilikuwa imeanza mwaka 1959 kuuza askari wadogo wa plastiki kwa bei ambayo mtoto anaweza kuilipa kwa pesa yake ya mfukoni. Kitabu maktaba, askari dukani. Kizazi kizima kiliingia kwa mlango huo. Featherstone alifariki 2013 akiwa na miaka 95.

Nyuma yake walikuwepo wengine ambao siwezi kuwaruka. Brigedia Peter Young, komandoo wa Vita Kuu ya Pili, aliandika Charge! na J. P. Lawford mwaka 1967. Mtu kapigana vita vya kweli, kisha anacheza kwa furaha na askari wa madini ya risasi, na anawaambia wengine wacheze. Charles Grant naye mwaka 1971 akaandika The War Game, kitabu chenye picha za mistari mirefu ya askari wa karne ya 18 ambazo ukiziona unataka kuwa na mistari yako.

Na yupo Peter Cushing. Wapenzi wa filamu za kutisha za zamani mnamjua. Mwaka 1956, kabla Frankenstein hajampa jina kubwa, kampuni ya filamu za habari ya British Pathé ilimpiga filamu fupi akiwa kwake anacheza kwa kanuni za Wells na kupaka askari kwa brashi nyembamba. Tafuteni muione. Anavyomshika yule askari, unajua huyu mtu hafanyi kwa ajili ya kamera. Cavill wa leo ametanguliwa.

Bandiko la 4. Mdau, Leicester

Mleta uzi, nakuheshimu ila hapa unawasifia waandishi mno. Mimi nilifika Leicester 1996 nina miaka 11, Kiingereza changu cha kuokoteza, sijui mtu. Featherstone sikuwahi kumsikia mpaka nimekuwa mtu mzima. Kilichoniingiza mimi ni dirisha la duka.

Nilikuwa napita na mama, nikaona kwenye kioo jeshi zima limepangwa, mazimwi ya kijani na farasi na bendera ndogo kama kucha. Nikagoma kuondoka. Kijana wa kaunta akatuita ndani, akanipa askari mmoja mtupu, brashi na rangi tatu, akasema paka, huyu ni wako. Mama akasubiri amesimama dakika arobaini. Sikuhitaji Kiingereza kupaka rangi. Jumamosi iliyofuata nilirudi, na wale watoto niliowakuta pale ndio waliokuja kuwa rafiki zangu shule.

Kwa hiyo mimi nataja majina haya: Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake walioanzisha London mwaka 1975 kampuni ya Games Workshop, yenye maduka ya namna hiyo. Bryan Ansell aliyejenga Citadel Miniatures, kampuni ya kutengeneza sanamu hizi. Rick Priestley na Richard Halliwell waliotoa Warhammer pamoja na Ansell mwaka 1983, halafu Priestley akaleta Warhammer 40,000 mwaka 1987. Hawa walitoa mchezo kwenye vyumba vya nyuma wakauweka barabarani, kwenye kioo, mtoto mgeni auone.

Bandiko la 5. Mleta uzi

Mkuu wa Leicester, umenigusa, na nakubali sehemu kubwa. Bila dirisha usingeona. Lakini soma tena ulichoandika: nani alikuita ndani? Kijana wa kaunta. Jina lake hulijui leo, na ndiye aliyekupa brashi. Priestley alitengeneza kilichokuwa kwenye kioo, yule kijana akakupa nafasi.

Mimi mwenyewe naweza kusema hivyohivyo. Nilikuwa Nottingham kwa masomo, 2009, naishi karibu na ukumbi wa kanisa. Kila Jumanne jioni nikipita naona taa zinawaka na wazee wameinamia meza. Nilipita wiki kadhaa. Siku moja ya mvua nikasimama mlangoni. Mzee mmoja, dereva wa basi aliyestaafu, akaniangalia akasema, "Wafaransa wamepungukiwa kamanda, unaweza?" Nikasema sijui kucheza. Akanipa dadu nne. Nikamshika askari wa kwanza kwa bayoneti, akanizuia taratibu: mshike kwenye kitako chake, hapo juu ni rangi ya wiki tatu. Nilishindwa vibaya usiku ule, na Jumanne iliyofuata nilifika kabla ya mlango kufunguliwa.

Na kwa kuwa umeitaja Citadel, lazima niwataje ndugu mapacha Alan na Michael Perry, wachongaji wa askari hawa. Hao wamenifunza kitu kingine kabisa. Mwaka 1996 Michael alikuwa Crécy, Ufaransa, kwenye maigizo ya vita vya kale, na ajali ya mzinga ikampotezea mkono wa kulia. Mkono wa kuchongea. Akajifunza upya kuchonga kwa kushoto. Fikirini ukubwa wa kazi ile: uso wa askari wa milimita 28 ni mdogo kuliko punje ya mbaazi, na humo kuna macho, pua na masharubu. Leo hii yeye na nduguye wana kampuni yao, na sehemu kubwa ya askari wa Napoleon ninaowapaka wametoka kwenye mikono yao. Nikichoka na mkanda wa begi, namkumbuka Michael, namaliza mkanda.

Marekani nitapita haraka kwa sababu habari zake zinajulikana. Jack Scruby wa California alianza War Game Digest mwaka 1957, akawaunganisha wachezaji waliokuwa wametawanyika, Featherstone na Bath wakiwemo. Kisha Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin: mwaka 1968 aliitisha mkutano wa kwanza wa wachezaji uitwao Gen Con kwenye ukumbi wa mji wake, mwaka 1971 akatoa kanuni za Chainmail na Jeff Perren, na mwaka 1974, pamoja na Dave Arneson, mchezo wa njozi wa Dungeons & Dragons. Mchezo ule uliotapakaa dunia nzima ulizaliwa kwenye meza ya askari wadogo. Na Gygax hakusahau alikotoka, toleo la Little Wars la mwaka 2004 ndiye aliyeliandikia dibaji.

Bandiko la 6. Mdau, Dar es Salaam

Nimesoma yote, na nina neno zito kidogo, mnisamehe. Babu wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo Vita Kuu ya Kwanza, hakurudi. Kariakoo tunayoitaja kila siku ni Carrier Corps, kambi ya wapagazi. Watu walikufa kwa njaa na kuhara wakibeba risasi za Wazungu wawili waliokuwa wanagombana. Sasa nasikia huko Ulaya wanauza hata askari wadogo wa Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani huku kwetu, watu wanacheza nao jioni wanakunywa chai. Wewe ni mtu wa Tanga. Hilo linakaaje moyoni mwako? Naomba jibu la kweli.

Bandiko la 7. Mleta uzi

Mkuu, nakushukuru, na nitakujibu kwa kirefu maana ni swali ambalo nimelala nalo.

Ni kweli wanauzwa. Na ninao. Mezani kwangu sasa hivi kuna kikosi cha askari kumi na wawili wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni hili, na upande wa pili kuna Wahindi wa jeshi la Uingereza. Napanga vita vya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha watu kama 8,000 Raskazone, wengi wao kutoka India, na Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari weusi. Waliopigana ndani ya mji, kwenye minazi na mashamba ya mpira na mkonge, walikuwa watu wasiokuwa na ugomvi wao kwa wao. Nyuki waliotibuliwa na risasi wakawashambulia pande zote mbili. Waingereza waliondoka wameacha bunduki na risasi ufukweni.

Nilisoma habari hizo shuleni kwa mistari mitatu. Nilipoanza kumpaka askari wa kwanza ndipo nilipolazimika kujua. Kofia yake ni tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na tai wa Kijerumani mbele. Nguo ya kaki, lakini kaki gani? Nilichanganya matone matatu ya hudhurungi na moja la njano, ikaja mbichi mno, nikaongeza nyeupe kidogo. Miguuni amejifunga vitambaa vya rangi ya bluu iliyopauka. Bunduki yake: nikagundua vikosi vingi vya askari vilipewa ile ya mwaka 1871, inayotumia baruti ya moshi. Maana yake kila akipiga, wingu linamwonyesha alipo. Mzungu aliyempa bunduki hiyo alijua. Nilikaa na brashi mkononi nikafikiria hilo kwa muda mrefu. Kitasa cha bunduki nilikipaka, uso wake nikauacha kwanza. Uso niliupaka siku nyingine nikiwa nimetulia, na sikutumia ile rangi moja ya chupa wanayoiita rangi ya Mwafrika. Wote kumi na wawili wana ngozi tofauti, kama tulivyo.

Kuhusu wapagazi, umesema kweli kabisa, na ni kosa la wengi wanaocheza vita hivi: wanaweka askari na mizinga, hawaweki waliobeba. Kwenye kanuni zangu za nyumbani, kikosi kisicho na wapagazi nyuma yake kinaishiwa risasi zamu ya nne. Ikabidi niwatengeneze mwenyewe kwa waya na udongo wa kuchongea, sikupata wa kununua waliokuwa na heshima. Wako ishirini na wanne. Mchezaji akiwapoteza, anaona jeshi lake linavyokauka. Mtoto wa dada yangu aliponiuliza mbona hawa hawana bunduki, ndipo tulipoongea habari ya Kariakoo kwa mara ya kwanza.

Wells mwenyewe alikuwa na neno kwenye hili. Aliandika kwamba ukicheza vita vyake vidogo mara tatu nne tu utaona vita vikubwa ni jambo la upumbavu na kubahatisha kiasi gani. Aliandika hivyo 1913, mwaka mmoja kabla ya Tanga.

Sijui kama nimekutosheleza. Pole kwa babu wa babu yako.

Bandiko la 8. Mdau, Nairobi

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa historia, na ningependa kuongeza majina ambayo hakuna mtu amegusa hadi sasa, ya wanawake.

Liverpool, mwaka wa 1942. Manowari za Ujerumani za chini ya maji zinazamisha meli za chakula Atlantiki. Kamanda Gilbert Roberts anapewa vyumba kwenye jengo la Derby House aanzishe kitengo cha mbinu, na wafanyakazi anaopewa ni wasichana wa jeshi la wanamaji, wengine ndio wametoka shule. Wanaigeuza sakafu kuwa bahari. Meli ni vipande vidogo, njia zao zinachorwa kwa chaki. Ofisa anayecheza upande wa kulinda msafara anachungulia kupitia tundu kwenye pazia, aone kile tu ambacho angekiona akiwa baharini, na njia ya manowari imechorwa kwa chaki ya kijani asiweze kuiona.

Kutoka kwenye sakafu hiyo ilitoka mbinu mpya ya kuwinda manowari. Jean Laidlaw ndiye aliyeipa jina, Raspberry. Na Janet Okell, msichana wa miaka ishirini hivi, alicheza dhidi ya Admirali Max Horton, aliyekuwa bingwa wa manowari tangu vita vya kwanza. Horton aliongoza manowari, Okell akaongoza walinzi. Akamzamisha mara tano.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha pili, wasichana ndio waliouliza kama tunaweza kujaribu. Tulitumia chaki na vifuniko vya soda kwenye sakafu ya darasa. Pazia lilikuwa leso mbili za mama mmoja wa jikoni.

Mleta uzi, kitabu chako cha Wells kina maneno marefu kwenye jalada yanayosema mchezo ni wa wavulana wa miaka kumi na miwili hadi mia moja na hamsini, na wa wale wasichana wenye akili zaidi wanaopenda michezo na vitabu vya wavulana. Hayo maneno ya mwisho wasichana wangu waliyajadili kwa kipindi kizima, na hawakuyakubali. Mwandishi mwenzake Wells wa New York, Fletcher Pratt, alifanya vizuri zaidi: miaka ya 1930 alikuwa akisogeza meli ndogo sakafuni na wageni wake, na wanawake walikuwa wakicheza kama wengine.

Bandiko la 9. Mleta uzi

Mwalimu, vifuniko vya soda na leso! Hili bandiko lako nimelisoma kwa sauti hapa nyumbani. Okell sikuwa nimempanga kwenye orodha yangu na sasa namweka juu kabisa, pembeni ya Featherstone. Amiri mzima alirudi kwenye ile sakafu mara tano. Naomba, ukipata nafasi, utuwekee hatua za ile mechi ya darasani, walimu wengine wajaribu.

Nirudi kwa Cavill maana ndiye aliyeanzisha uzi. Kuna wanaosema yule ni mwigizaji tu, anatangaza biashara, hasa tangu Desemba 2022 ilipotangazwa kwamba atashiriki kuipeleka Warhammer 40,000 kwenye skrini na Amazon. Mimi sioni hivyo. Kabla ya hapo, 2020 watu wakiwa wamejifungia kwa sababu ya korona, alikuwa anaonyesha askari anaowapaka. Na kwenye ile video ya Norton, mtoto wa dada yangu hakuona Superman. Aliona mtu mkubwa, mwenye misuli, ambaye haoni aibu kwa jambo analolipenda. Ni kitu kilekile alichokifanya Wells kwa kucheza sakafuni bila kujificha. Mimi sikuweza kumpa kijana hicho, kwa sababu miaka minne nilikuwa nafunga mlango wa chumba cha nyuma nikipaka. Nilidhani namwondolea usumbufu. Sasa meza nimeihamishia sebuleni.

Nimeulizwa na watu watatu faragha jinsi ya kuanza huku kwetu, nijibu kwa pamoja. Msinunue sanduku la bei kubwa. Chukueni askari wa plastiki wa kuchezea, wale wa kijani wa mfukoni, wanatosha kabisa. Waosheni kwa sabuni ya vyombo, wana mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Undakoti ya kopo msipulize asubuhi wala jioni kwa sisi wa pwani. Hewa ina unyevu, rangi inatua kama mchanga na askari anakuwa na chunusi. Nimeharibu tisa hivyo. Pulizeni saa saba saa nane mchana, siku ya jua kali, kivulini. Rangi za maji za wachoraji zinafaa, zimueni kidogo. Kwa vitako, mchanga wa Raskazone uliochekechwa na gundi nyeupe ya seremala. Vilima, boya la kufungashia friji. Miti, dodoki lililokauka, likatwe na kupakwa kijani, hakuna kiwanda kinachotengeneza kichaka kizuri kama hicho.

Kanuni nimeziandika kwa Kiswahili, kurasa nne. Nitazibandika hapa wikiendi hii nikishazirekebisha. Neno la "morale" limenisumbua, nimeliandika "moyo": kikosi kikipoteza nusu ya watu, kinarusha dadu ya moyo.

Bandiko la 10. Mdau, Muheza

Mkuu mimi nipo Muheza hapa, nina kijana wa miaka kumi na tatu anayeshinda kwenye simu. Nimemsomea uzi wote tangu jana. Alichouliza ni kimoja tu: hao wapagazi ishirini na wanne, anaweza kuwaona?

Bandiko la 11. Mleta uzi

Mlete Jumamosi, saa nane mchana, nimekutumia maelekezo faragha. Vita vya Tanga vitakuwa vimeshapangwa, na upande wa Wahindi hauna kamanda. Mwambie akifika awashike kwenye kitako.